Baba Alipoulizwa Anachotaka

Baba alikuja kukaa kwangu Kisugu, Kampala, wiki tatu baada ya kumzika mama. Alikuja na sanduku la bati, redio, na kofia yake ya polisi ambayo alipaswa kuirudisha alipostaafu usajenti. Kaka zangu wawili, mmoja askari jeshi huko Karamoja na mwingine mlinzi nchi za Waarabu, walikubaliana kwa simu kwamba mzee akae na mimi kwa kuwa mimi ni muuguzi. Shangazi yangu, mdogo wake baba, mjane anayeuza mandazi Kasubi, alisema angeweza kumchukua yeye. Tulimcheka. Ana chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Nakumbuka nilimwambia, mbele ya waombolezaji, kwamba baba si gunia la unga la kusukumwa nyuma ya pazia. Yeye aliendelea kusugua sufuria za matanga.

Mwezi wa kwanza tuliishi vizuri. Baba aliamka kabla yangu, akafagia ua, akakunja shuka lake pembe kwa pembe kama walivyofundishwa depo ya polisi. Tulizungumza Kiswahili cha kambi ya polisi, kile nilichokulia, chenye kukata maneno na kuyaunga ovyo. Mimi nilikuja kunyooshwa ulimi baadaye, nilipokwenda kusomea uuguzi Kenya. Kisha akaanza kuniuliza mama yuko wapi. Mara ya kwanza nilimshika mkono nikamweleza, naye akalia kama mtu aliyepata habari siku hiyohiyo. Mara ya pili vilevile. Ilipofika mara ya kumi nilikuwa nikimjibu huku natafuta viatu vyangu: tulimzika, uliniuliza jana, kunywa chai. Akilia nilimwacha alie. Nilikuwa nimechelewa kazini.

Siku moja mchana nilipigiwa simu na askari wa kike. Alikuwa ameipata namba yangu kwenye karatasi niliyomtilia baba mfukoni. Nilimkuta kwenye njia panda ya Ntinda, mbali kabisa na Kisugu, na mpaka leo sijui alifikaje. Alikuwa amevaa fulana ya ndani na ile kofia yake, kasimama katikati ya barabara, mkono mmoja juu, anaongoza magari. Ujanani aliwahi kupangiwa kazi hapo. Madereva wengine walipiga honi. Wengine, kwa mazoea ya kuitii kofia, walisimama kweli. Waendesha boda walikuwa wakicheka na mmoja alikuwa akimrekodi kwa simu. Nilipomshika kiwiko alinisukuma pembeni akaniamuru nisivuke bado.

Kesho yake video ilifika hospitalini kwetu. Daktari mmoja wa meno alituonyesha wakati wa chai. Hakujua kwamba yule ni baba yangu. Nilicheka pamoja nao, na nadhani nilicheka kwa sauti kuliko wote. Jioni, nikirudi nyumbani, nilinunua kufuli.

Nyumba yangu ina mlango mmoja wa chuma, na madirisha yake yana nondo, isipokuwa lile dogo la bafuni. Asubuhi nilimwekea chai kwenye chupa, chakula kwenye hotpoti, nikamwashia redio, nikafunga kutoka nje. Jioni nilifungua. Nilijiambia ni kwa usalama wake, na hilo lilikuwa kweli, maana barabara ingemuua. Lakini niliponunua lile kufuli sikuwa nikifikiria magari. Nilikuwa nikifikiria ile simu ya daktari wa meno ikizungushwa mezani.

Wiki za mwanzo baba alipiga mlango. Jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na likizo ya uzazi, alinisubiri jioni moja kwenye ukuta unaotutenganisha. Alisema kwa upole kwamba mzee amegonga tangu asubuhi mpaka saa nane, kisha akanyamaza, naye akaogopa. Nilimshukuru. Nilipoingia ndani nilimgombeza baba kwa kunitia aibu kwa majirani.

Ndipo nilipoanza kumpa vidonge. Vilikuwa vile vidogo vya manjano, vya mafua na mwasho, ambavyo kila nyumba inavyo na kila mama anajua vinaleta usingizi. Nilimpa kimoja na chai ya asubuhi. Baada ya wiki mbili viwili. Kisha vitatu. Nilimwambia ni vya presha. Alilala mpaka alasiri, mdomo wazi, na jirani hakuja tena ukutani.

Katika miezi hiyohiyo hospitali yetu iliamua kuanzisha kliniki ya wazee, na mimi nikachaguliwa kuisimamia. Nilipelekwa mafunzo ya siku tatu. Sitayacheka mafunzo yale; yalikuwa mafunzo mazuri. Tuliambiwa kila mzee anayeingia aangaliwe mambo manne: anachokitaka yeye mwenyewe katika maisha yake, dawa anazokunywa, akili na moyo wake, na jinsi anavyotembea. Tuliambiwa hospitali zetu zimezoea kumzungumzia mzee na aliyemleta, mwenyewe akiwa amekaa hapohapo, kana kwamba mzee ni mzigo unaosainiwa. Niliporudi niliwafundisha wenzangu wote. Tulipewa chumba kilichokuwa stoo, tukatafuta viti vyenye mikono ili wazee waweze kusimama wenyewe, tukajengewa njia ya mteremko mahali pa ngazi. Siku yetu ilikuwa Jumatano. Kanuni ya kwanza niliitunga mimi: aliyemleta mzee atasubiri nje mpaka mzee amalize kuulizwa.

Niliandika pia, kwa mkono wangu, orodha ya dawa ambazo mzee hapaswi kupewa ovyo, nikaibandika ukutani. Vile vidonge vya manjano vilikuwa mstari wa pili. Nilieleza darasani kwamba vinamvuruga mzee akili, vinamfanya ayumbe, vinamfungia mkojo. Nilieleza vizuri. Wakati nikieleza nilijua kilichokuwa kabatini kwangu. Watu huniambia binadamu anaweza kujifichia jambo asilijue. Mimi nililijua. Niliona tu kwamba nyumbani kwangu ni nyumbani kwangu.

Jioni moja nilimkuta baba amesimama kando ya kitanda, suruali imelowa mpaka magotini. Nilikuwa nimesimama kutwa nzima, miguu imevimba, na tangu mlangoni nilisikia harufu. Nilimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mgonjwa. Nilimwambia mama alikufa mapema ili aepuke kazi hii. Baba alibana visigino pamoja, akanyoosha mikono ubavuni, akatazama ukuta.

"Ndiyo, afande," akasema.

Tangu siku hiyo hakuniita tena jina langu. Nilikuwa afande. Afande, naomba maji. Afande, naomba kwenda choo. Sikujua kama alinidhihaki au kama kweli alikuwa akimwona mkubwa wake fulani wa zamani. Nilimwuliza mara moja, kwa hasira, akanipigia saluti.

Kisha mkojo ukaziba. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Tumbo lake chini ya kitovu lilikuwa gumu kama kibuyu, naye alikuwa akitembea ameinama, hasemi neno, jasho linamtoka. Nilijua sababu. Nilifikiria kumpeleka hospitali nyingine, lakini alikuwa na maumivu na yetu ilikuwa karibu. Nikapanga kumpitisha moja kwa moja kwa daktari, awekewe mpira wa mkojo, turudi nyumbani kabla watu hawajajaa.

Hatukuwahi. Daktari alikuwa bado na mgonjwa, na muuguzi kijana aliyekuwa zamu alikuja na faili jipya, amefurahi kukutana na mzee wangu. Alikuwa Mganda wa upande wa Masaka, mwaka wake wa pili kazini, mwanafunzi wangu bora katika yale mambo manne. Alimpigia baba magoti kama wafanyavyo wasichana wa kwao, akamwita jajja, kama tunavyowaita wazee wote Kampala. Alipoona maumivu yake alikwenda kumhimiza daktari, akarudi kusema ni dakika chache tu, na kwamba ataanza maswali. Kisha akanigeukia.

"Sista, tafadhali, subiri nje."

Kulikuwa na wazee wanane kwenye viti na waliowaleta walikuwa nje, juani, kwa amri yangu. Wote walikuwa wananiangalia. Nilitoka. Lakini sikufika juani. Nilisimama nyuma ya pazia la chumba kile, nikajifanya napanga glavu kwenye kabati.

Kiswahili cha yule binti kilikuwa cha kuchechemea, na l na r zake zilibadilishana mahali, lakini baba alimwelewa bila shida. Alimpa maneno matatu ayakumbuke: ndizi, kiti, mvua. Wakazungumza kidogo, kisha akamwuliza tena. Baba alikumbuka kiti tu. Binti akasema hakuna shida, jajja. Akamwuliza kitu gani kinamfulahisha, kitu gani anakitaka kuliko vyote katika maisha yake ya sasa.

Nilisikia binti akingoja. Hilo pia nilikuwa nimelifundisha mimi, kungoja.

"Mimi nataka kutoka inje," baba akasema. "Huyu nafungia mimi. Asubuhi nafunga, jioni nafungua. Mimi niliweka watu seli miaka mingi. Ata mwizi, tulikuwa namutoa kuota jua."

Nilisikia kalamu ya binti ikiandika. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu dawa. Nikasikia baba akipapasa mfukoni. Kwa upenyo wa pazia niliona anatoa leso iliyofungwa fundo. Binti alimsaidia kuifungua. Ndani mlikuwa na vidonge vya manjano, vingine vizima, vingine vimeyeyuka nusu na kugandana na pamba za mfukoni. Siku alizoweza, alikuwa akivificha chini ya ulimi na kuvitema nikigeuka. Mtu ambaye hakukumbuka ndizi wala mvua alikuwa amekumbuka, wiki baada ya wiki, kuweka ushahidi.

"Kizibiti," akamwambia. Akausukuma ule mzigo upande wa binti, juu ya meza.

Daktari alimaliza na mgonjwa wake, akamchukua baba, akamtia mpira. Mfuko ulijaa mkojo ikabidi uletwe wa pili. Daktari aliponiuliza mzee anakunywa dawa gani nilimwambia ni ya presha tu. Akaandika kwamba ni tezi dume la uzee.

Baada ya wagonjwa kuisha yule binti alinifuata na faili. Alisema ameandika kama mzee alivyosema, ila ameona anionyeshe mimi kwanza kabla halijarudi kwa daktari. Alikuwa ameandika kila kitu. Hata hilo la mwizi na jua aliliandika, kwa Kiingereza safi. Leso aliitia kwenye bahasha ndogo akaibana kwa pini kwenye ukurasa.

Nilimwambia kwamba mzee amechanganyikiwa, na kwamba mgonjwa wa kusahau husema lolote linalompitia.

"Sista, wewe ndiye uliyetufundisha," akasema. "Ulisema hata aliyesahau kila kitu anajua kinachomuuma."

Hakusema kwa ujeuri. Alikuwa akiniomba nimsaidie asiniwazie vibaya. Nilimtazama mpaka akainamisha macho. Kisha nikamwuliza tangu lini muuguzi wa mwaka wa pili anamchunguza mkubwa wake, na kama kwao Masaka hawafundishwi adabu. Niliuchana ukurasa ule mbele yake, nikautia mfukoni mwa sare yangu pamoja na bahasha. Nikachukua karatasi mpya nikaandika: mgonjwa ana hali ya kusahau, anatunzwa vizuri nyumbani, anachotaka ni amani. Nikasaini kwa jina lake yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa zamu. Aliuona mkono wangu ukiandika jina lake.

Ratiba za zamu nilikuwa nazipanga mimi. Mwezi uliofuata yule binti alikuwa wodi ya mifupa, mahali pa kubeba na kugeuza watu wazito, ambapo hakuna muuguzi anayeomba kwenda.

Vidonge niliviacha. Niliviacha kwa woga, maana sasa kulikuwa na mtu anayejua. Baada ya wiki mbili mpira ulitolewa na baba akakojoa mwenyewe, akawa macho zaidi, akaanza tena kuzungukazunguka ndani na kugonga mlango. Kufuli sikuliacha.

Wageni kutoka wizarani walikuja kuitembelea kliniki yetu. Walikaa kwenye vile viti vyenye mikono, wakasoma orodha yangu ukutani, wakawahoji wazee wawili waliosema mazuri tupu, na mazuri yale yalikuwa ya kweli. Watu wengi walisaidiwa katika chumba kile. Nataka hilo nalo lisemwe. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa dawa kumi na moja alibakiwa na nne akarudi kulima. Wageni wakasema kazi hii ipelekwe mahali pengine. Hivyo nikatumwa Jinja kwa siku moja kuwafundisha wauguzi wa huko.

Niliondoka alfajiri. Nilimfungia baba, nikamwachia chakula cha mara mbili. Saa ya chakula cha mchana, Jinja, nilitoa simu mkobani nikakuta jirani amenipigia mara nyingi.

Baba alikuwa ametoka kwa dirisha la bafuni. Sijui mwanamume wa umri wake alipandaje juu ya sinki na kujipenyeza mahali pale. Aliangukia mtaro wa saruji nyuma ya nyumba, nyonga ikavunjika. Jirani alimsikia lakini geti nalo nilikuwa nimelifunga. Alimwita dereva wa boda aliyekuwa akipita, akaleta nyundo, wakavunja kufuli la geti. Kufikia hapo baba alikuwa amelala mtaroni tangu asubuhi, jua limemkalia usoni. Jirani aliniambia yote haya kwa simu bila kunilaumu hata kwa neno moja. Aliniambia tu wamempeleka hospitali yetu, na kwamba alipoulizwa na mapokezi kuhusu ndugu zake, mzee alisema hana.

Niliingia wodi ya mifupa jioni, bado nimevaa gauni la semina. Yule binti alikuwa ndiye aliyempokea. Alikuwa ameshamfuta vumbi, amemkata suruali kwa mkasi ili asimwumize, amemlaza kwa mito. Alinisalimia kwa heshima kama kawaida, kisha akaniambia kwamba amemwuliza.

Sikuhitaji kumwuliza amemwuliza nini.

"Anataka dada yake wa Kasubi," akasema. "Anaomba wewe usimlishe. Naomba namba ya dada yake, sista."

Safari hii faili lilikuwa mkononi mwake na hakunipa. Nilitoa simu nikamsomea namba ya shangazi. Akaiandika, akairudia mara mbili kuhakikisha, akaenda kupiga.

Madaktari walisema moyo wa baba hautahimili upasuaji. Wakamfunga mguu wakauning'iniza kwa uzito, alale chali wiki sita. Nilikwenda kila siku. Nilipoleta uji alifumba mdomo. Nilipojaribu kumfuta uso aligeuka ukutani. Shangazi alitoka Kasubi kila asubuhi baada ya kukaanga mandazi yake, akaja na uji uleule, pengine mwembamba kuliko wangu, na baba alikunywa wote. Mgongoni alipata kidonda cha kulala. Wodi ilikuwa na wauguzi wawili kwa vitanda thelathini na kitu, na yule binti aliwageuza wale aliowaweza. Nilijua hesabu hiyo. Mimi ndiye niliyempeleka pale na sikumpeleka mtu mwingine wa kumsaidia.

Siku ya kuruhusiwa, shangazi alileta gari la rafiki yake anayeuza mkaa. Walitandika magodoro mawili nyuma. Nilimwambia kwangu kuna vyumba vitatu, kuna maji ndani, kuna choo cha kukaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Binti yangu, yeye ameshaulizwa." Akamfunika baba miguu kwa khanga yake.

Baba aliishi miezi mitano nyuma ya pazia. Hakutembea tena. Asubuhi shangazi na wapangaji wenzake walimbeba na kiti chake wakamweka kibarazani karibu na karai la mandazi, na hapo alikaa, akiwasalimia wanafunzi na kuwaamuru waendesha boda wapunguze mwendo. Wengine walimjibu ndiyo, sajenti. Shangazi aliolewa kwa Waislamu akasilimu. Wakati wa swala alimwachia baba fimbo ya kufukuza kuku. Kidonda alikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na hakikupona, ila hakikunuka. Nilikwenda Jumapili nikitaka kumfundisha jinsi ya kumgeuza mgonjwa. Alikuwa akimgeuza vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi.

Kila nilipokwenda baba aliniona kutoka mbali na mikono yake ikashika kiti. Siku moja nilichuchumaa mbele yake nikamwambia, baba, ni mimi, binti yako. Alinitazama kwa adabu. Akaniuliza kama nimekuja kumrudisha ndani. Nilimwambia hapana. Akaniuliza tena, kwa sauti ya chini ili dada yake asisikie, kama ninaweza kumwacha hapo mpaka kesho. Jumapili zilizofuata nilimwachia shangazi vitu nilivyoleta pale kwenye duka la kona, nikarudi bila kufika kibarazani.

Alikufa kwa kifua, mchana, shangazi akiwa amekwenda kununua unga wa ngano. Yule binti wa Masaka alikuja kutoa pole. Tayari alikuwa amepata kazi hospitali nyingine. Nilimvuta kando nikamwambia nilimkosea, kwenye faili na kwenye ratiba, na kwamba ule ukurasa ninao bado. Nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha au kwa matusi. Aliniuliza kama jina lake bado limesainiwa kwenye ile karatasi niliyoandika mimi. Nikasema ndiyo, halijafutwa. Akasema, basi lifute, sista, akaenda kukaa na wanawake wengine.

Tulimsafirisha baba mpaka kwetu, kaskazini, ng'ambo ya daraja la Pakwach. Katekista aliongoza sala. Mshereheshaji, binamu yangu asiyejua lolote, alisoma maisha ya marehemu na kuwataja watoto. Alipofika kwangu alipaza sauti. Alisema huyu ndiye binti aliyemtunza mzee wetu, na si mzee wetu peke yake, huyu ndiye anayefundisha hospitali za Uganda namna ya kuwatunza wazee, na hata serikali imemtambua. Watu walipiga makofi pale makaburini. Kaka yangu wa Karamoja alinishika bega. Nilisimama kama nilivyoombwa, nikapunga mkono.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mbele kabisa. Kimila, dada wa marehemu huulizwa kama ana la kuongeza. Binamu alimpa kipaza sauti. Alikishika, akamshukuru kila aliyetoka mbali, akawaombea safari njema, akakirudisha.

Jioni nilimkuta nyuma ya jiko anakatakata sabuni ya kuoshea vyombo. Nilimwambia asante. Aliendelea kukata.

"Sikunyamaza kwa ajili yako," alisema. "Nilitaka kaka yangu asizikwe na maneno ya seli."

Akanisukumia karai la sahani chafu, nami nikavua saa nikaanza kuosha.